Kundi la Kobe: kisa cha darasa la pili lenye watoto 104

Nianze na hesabu maana hesabu ndo ilinikalisha chini. Darasa la pili, chumba kimoja, watoto 104, mwalimu mmoja ambaye ni mimi, kipindi cha Kusoma dakika 30. Ukitaka kila mtoto asome mbele yako ndani ya kipindi kimoja kila mmoja anapata sekunde 17, na hapo hujasema "kaeni", hujatafuta chaki, hujambembeleza anayelia kwa kuwa kapigwa kiwiko, maana dawati la watatu linakaliwa na watano. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, wote tunakijua, tunakiandika kwenye taarifa kila mwaka na taarifa inaenda.

Shule yenyewe iko Kasulu vijijini, Kigoma, ile sehemu ya milima ambako ukisimama uwanja wa mpira unaona mashamba ya maharage na migomba mpaka macho yachoke. Mtoto wa huku anakuja shule Kiha ndo lugha yake, nyumbani Kiha, sokoni Kiha, kanisani nusu kwa nusu, Kiswahili anakutana nacho darasani, na hicho Kiswahili ndo anatakiwa ajifunze kusomea. Mimi mtu wa Nzega, Kiha changu mwaka wa kwanza kilikuwa cha salamu tu na hata hiyo salamu nilikuwa nasahau kupiga makofi.

Sasa kisa. Mwaka jana mwezi wa pili niliamua niache kufundisha 104 kama mtu mmoja. Nilishasoma kuhusu wale Pratham wa India, shirika lililoanza Mumbai mwaka 1995, wanavyowapima watoto mmoja mmoja kwa dakika chache tu, huyu yuko kwenye herufi, huyu maneno, huyu aya, huyu hadithi, halafu wanawapanga kwa kiwango bila kujali yuko darasa la ngapi. Na sisi huku tunaujua mtindo huo, watafiti wa Uwezo walipita vijijini kwa miaka wakiwapima watoto majumbani kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, silabi, neno, aya, hadithi. Nikaona mbona rahisi, napima, nagawa makundi matatu, kazi imeisha.

Nikaandika ubaoni herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi na hadithi ya mistari minne. Naita mtoto, anasimama pale pale dawatini, naonyesha kwa fimbo anasoma. Ilichukua siku nne. (Kumbuka hilo la ubaoni na dawatini, nitalirudia maana ndo dhambi yangu kubwa kwenye kisa hiki.) Matokeo nikagawa: wanaosoma hadithi 28, wanaosoma maneno lakini hadithi inawashinda 39, wa herufi na silabi kwenda chini 37. Nikawapa majina ya wanyama kama tulivyofundishwa chuoni kwamba watoto wanapenda wanyama. Wa kwanza Duma, wa katikati Swala, wa mwisho, jamani, nikawaita Kobe.

Najua. Usinicheke sana. Kwenye akili yangu nilikuwa nawaza kobe mvumilivu, kobe wa kwenye hadithi anayefika mwisho, sikuwaza mtoto wa miaka saba anasikia nini.

Wiki sita nikafundisha hivyo. Kobe 37 mbele karibu na ubao, mimi nao, tunasoma kwa pamoja ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, sauti inapaa mpaka mwalimu wa chumba cha pili anagonga ukuta. Duma kona ya nyuma na vitabu, kitabu kimoja watoto wanne. Swala kati kati hawana kazi maalum, nimewaambia waandike maneno, wameandika matano wamemaliza, wanaanza vita. Mwisho wa wiki sita nikapima tena. Duma wamepanda, ila wale wangepanda hata ningekuwa nimelala. Swala kidogo. Kobe, kati ya 37 wametoka watano.

Watano. Wiki sita, kila siku, na hao ndo nilikuwa nasimama nao mimi mwenyewe.

Nikataka kuiacha hiyo habari ya makundi. Mtaaluma wetu, yule mwalimu anayesimamia masomo shuleni, alikuwa na wazo lake siku zote, anasema, "Madam, gawa tu mkondo A na B, wanaojua huku wasiojua kule, mbona zamani tulifanya." Nikamwambia kuna utafiti wa kitu kama hicho, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya magharibi ya Kenya, shule 121, madarasa ya kwanza yakagawanywa mawili, shule karibu nusu ziligawa watoto kwa matokeo yao na zilizobaki ziligawa kwa bahati nasibu, na kwenye zile zilizogawa kwa matokeo watoto wa juu na wa chini wote walipata faida. Mtaaluma akafurahi akasema si unaona. Nikamwambia rudi mwanzo wa habari, zile shule zilipewa mwalimu wa ziada, ndo maana darasa liliweza kukatwa mara mbili, sisi wetu wa ziada yuko wapi? Akanyamaza akachukua chai yake. Simlaumu, ana darasa la tano, la sita na la saba Hisabati peke yake.

Kilichonizuia nisiache ni bibi mmoja.

Alikuja asubuhi, ameshika kitenge begani na mjukuu wake mkononi, akainama akapiga makofi taratibu kama watu wa huku wanavyosalimia. Nikasema shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akapumzika kwanza, hakuwa na haraka. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, "Mwalimu, huyu anasema yeye ni kobe. Anasema kobe hawasomi, wanasoma duma. Sasa nimekuja kuuliza, kobe hapa shule maana yake nini?"

Hakuniuliza kwa hasira. Angekasirika ingekuwa rahisi. Nilimjibu nini sikumbuki vizuri, nilibabaika tu, ila mtoto alikuwa anaangalia chini na anachora kwa kidole cha mguu kwenye vumbi, na nikajua huyu mtoto mimi nimeshamwambia yeye ni nani kabla sijajua anakwama wapi. Na kweli nilikuwa sijui. Nilikuwa najua tu kwamba hajui.

Hapo ndo nikafanya kitu ambacho ningekifanya mwezi wa pili. Kuna mama mmoja wa New Zealand, Marie Clay, aliwafundisha walimu kukaa pembeni ya mtoto anaposoma, huongei, unaandika kila anachokisema, alichopatia weka tiki, alichokosea andika alichosema badala yake. Kile kitu badala yake ndo chenye habari. Nikachukua kaunta buku, nikaanza na wale Kobe 32 waliobaki, watatu kwa siku, saa ya uji, kwenye kigogo chini ya mwembe. Siku kumi na moja za shule. Naandika hapa wanne tu maana hao wanne ndo walinivunjia makundi yangu.

Wa kwanza ni huyo huyo mjukuu wa bibi. Nikampa kitabu kidogo, ukurasa una picha ya ng'ombe kasimama pembeni ya mto, chini maandishi: Maji ya mto ni safi. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakisogeza vizuri kabisa kushoto kwenda kulia kama msomaji mzuri, akasema kwa sauti kubwa, "Ng'ombe anakunywa maji." Akaniangalia anasubiri pongezi. Nikamwambia rudia. Akarudia, kidole kile kile, mwendo ule ule, safari hii akaanza na "inka" halafu akajirekebisha akasema ng'ombe, inka ni ng'ombe kwa Kiha. Nikaweka kiganja juu ya picha. Akanyamaza. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mwalimu, umefunika."

Yaani kwake kusoma ni kile kitu cha kwenye picha. Hajui kwamba habari inatoka kwenye zile alama za chini, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo maana sote tulidhani anajua. Wiki sita nilikuwa namwimbisha ba be bi bo bu na yeye anaimba vizuri tu, haoni inahusiana nini na ng'ombe.

Wa pili binti mmoja mdogo wa umbo, mkimya. Nikamwonyesha kadi ya bu. Akashusha mkono wa kushoto chini, midomo ikacheza bila sauti, vidole vikawa vinainuka kimoja kimoja, cha tano kilipoinuka akasema "bu!" Nikamwonyesha ko. Vidole vinne, "ko!" Sahihi. Nikaona huyu mbona anajua. Nikamwonyesha neno boko. Akaanza vidole, ba be bi bo, akapata bo, akaanza tena ka ke ki ko, akafika ko, nikamuuliza ni neno gani, akasahau la kwanza lilikuwa nini. Akarudi mwanzo. Mara tatu. Alikuwa hasomi silabi, anaimba wimbo kutoka mwanzo mpaka afike kwenye namba yake, kama mtu anayejua siku ya Alhamisi kwa kuanza kuhesabu Jumatatu. Na huo wimbo ni mimi niliyemfundisha. Kwenye kuitikia kwa pamoja hakuwahi kukosea hata siku moja.

Kwenye fungu hilo hilo walikuwepo wengine saba hivi wenye tatizo la jirani yake. Hawa darasa la awali walifundishwa majina ya herufi, a be che de, na hawakufundishwa sauti. Sasa akikutana na b na a anasema "be-a", anabaki anashangaa mbona haitoki "ba". Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 ulisisitiza sauti za herufi kwa sababu hiyo hiyo lakini wimbo wa a be che de ni mtamu, mtoto ameimbiwa na dada zake nyumbani, huwezi kuufuta kwa andalio la somo.

Wa tatu ndo wa aibu. Kijana mrefu anakaa nyuma, mtulivu, kwenye upimaji wangu wa ubaoni alipata sifuri, hata herufi. Nimemweka Kobe, kwa kuwa ni mrefu nikamwacha nyuma asiwazibe wenzake. Chini ya mwembe nikampa kitabu. Akakisogeza karibu na uso, karibu kweli, pua inakaribia kugusa karatasi, akaanza: Maji ya mto ni safi. Akafungua ukurasa wa pili bila kuambiwa. Akasoma. Ukurasa wa tatu. Nikamsimamisha nikamwambia angalia ubao ule kupitia mlangoni, unaona nini, akasema naona ubao. Kimeandikwa nini? "Kumeandikwa?"

Miezi mitatu. Mtoto anasoma hadithi yuko kundi la herufi kwa sababu mwalimu alipima macho akaandika kusoma.

Wa nne hakuwa Kobe kabisa, na nisingemjua bila mama mpishi wetu wa uji. Nilikuwa nimemwita binti mmoja wa Duma aje asome ili nione mtu mzuri anasikikaje, nilinganishe tu. Akasoma hadithi ya mama aliyekwenda sokoni akanunua ndizi tatu na samaki mmoja, akaisoma kama maji, nilipima kwa saa ya simu akapita maneno 50 kwa dakika, kile kipimo tunachotajiwa cha darasa la pili. Nikamuuliza mama alinunua nini. Kimya. Alikwenda wapi? Kimya. Nikadhani aibu. Mama mpishi alikuwa anakoroga sufuria pale pembeni akacheka akasema, "Mwalimu, huyo hajasikia hata neno moja, ngoja." Akamsimulia hadithi ile ile kwa Kiha, sentensi tatu. Akamuuliza kwa Kiha. Binti akajibu yote, na akaongeza kwamba samaki mmoja hawatoshi, kwao wako wanane.

Kwa hiyo huyu macho yake yanajua na mdomo wake unajua, Kiswahili ndo hana. Na kwa sababu anasoma kwa kasi nilimweka kundi la juu ambako hakuna aliyemuuliza chochote. Nilipoanza kuwauliza Duma maswali nikapata wengine wanane kama yeye.

Sasa tuchambue. Kosa halikuwa kugawa makundi. Kosa lilikuwa nimegawa kwa maksi. Maksi zinakwambia mtoto kaishia wapi, hazikwambii kilichomsimamisha pale, na kwenye lile kundi la sifuri nilikuwa na mtoto asiyejua maandishi ni nini, mtoto anayeimba, mtoto asiyeona, na wote nawapa dawa moja ambayo ni kuimba zaidi. Kwa huyo binti wa vidole hiyo dawa ilikuwa inaongeza ugonjwa. Pia kundi la 37 si kundi dogo, ni darasa lingine ndani ya darasa, mtoto anajificha kwenye sauti za wenzake vile vile kama alivyojificha kwenye 104.

Tulipofungua mwezi wa saba nikapanga upya, wote 104, kwa kinachomkwamisha kila mmoja. Sauti na herufi 19. Silabi 31. Maneno yenye herufi mwambatano, zile mb, nd, ng', shw, 27. Wanaosoma lakini polepole, wanakatakata, 18. Wanaosoma bila kuelewa Kiswahili 9. Majina nikaacha wanyama, nikawaita kwa mahali wanapokaa, kundi la mlango, dirisha, mwembe, ubao, kabati. Na nikasema kila wiki tatu watu wanahama, mahali si pa mtu.

Halafu ikaja hesabu tena. Mimi naweza kukaa na watoto wanane, wakizidi hapo sisikii anayenong'ona. Mwalimu mkuu akakubali nipate vipindi viwili vilivyoungana siku nne kwa wiki, dakika 60. Kumi za mwanzo wote pamoja, hadithi au mazungumzo, halafu mizunguko mitatu ya dakika 14 mimi na kundi dogo, nane za mwisho kukusanya na kelele. Mizunguko mitatu mara siku nne, vikao 12 kwa wiki. Wa sauti 19 nikawakata vikundi vitatu, kila kikundi mara mbili kwa wiki, vikao sita. Wa silabi vikundi vinne mara moja moja, vinne. Wa lugha, wale tisa, kimoja. Kimebaki kikao kimoja kwa watoto 45 wa makundi mawili ya juu.

Ndiyo, kimoja. Hapo usitafute ujanja, haupo. Nililipa kundi la chini kwa kumkopa wa juu, na mzazi mmoja alikuja kuniambia mwanangu mbona hakusomei siku hizi, nikamweleza, hakuridhika, na sikuwa na la kumridhisha. Nilichofanya hao wa juu wakawa wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anafuata kwa kidole halafu anauliza maswali mawili, na ikifika sentensi asiyoielewa wanaichora. Walichora mambo ya ajabu ila walisoma.

Wengine wote 96 wanafanya nini wakati mimi niko na wanane, hilo ndo swali ambalo kila ninayemsimulia ananiuliza, na jibu la wiki ya kwanza ni kwamba walipigana. Nilitoka chini ya mwembe mara sita kwenye mzunguko mmoja. Wiki ya pili nikasimamisha kusoma kabisa, nikawafundisha tu jinsi ya kukaa bila mimi: ukimaliza unafanya nini, ukikwama unamuuliza nani, kadi zinarudi wapi, ukitaka chooni unageuza kizibo chekundu. Wiki nzima hatukusoma, tulifanya mazoezi ya kugeuza kizibo. Mtaaluma alipita dirishani akatikisa kichwa. Lakini wiki ya tatu nilikaa dakika 14 nzima bila kuinuka na nilishangaa jinsi dakika 14 zilivyo nyingi.

Vifaa vilikuwa vya bure. Maboksi ya sabuni kwa duka la jirani nikakata kadi, vizibo vya soda kila kimoja silabi moja, vijiti na vumbi la chini ya mwembe kwa kuandikia. Mwalimu wa darasa la tano akaniazima wanafunzi sita kwa dakika 20 wakati wa kujisomea kwao, hao walikaa na kundi la silabi, na niliwaambia kitu kimoja tu, usimtajie, subiri. Wakubwa hawawezi kusubiri, wanapenda kutaja. Wawili ikabidi niwarudishe.

Kwa yule wa picha nilifanya hivi. Nilimwambia anisimulie jana alifanya nini, akasema, nikaandika sentensi yake ile ile mbele ya macho yake kwenye boksi: Jana nilichunga mbuzi. Hakuna picha. Nikamsomea kwa kidole, nikakata neno moja moja kwa mkasi, nikampa mbuzi mkononi. Nikamwambia hii ndo mbuzi. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna mbuzi. Siku ya tatu au ya nne akaanza kucheka mwenyewe alipoipata kati kati ya maneno mengine, akaificha mfukoni akaenda nayo nyumbani. Bibi alinitumia ujumbe kwa jirani kwamba kuna karatasi ya mbuzi imewekwa kwenye ukuta.

Yule wa kuimba nikampiga marufuku mpangilio. Vizibo vinamwagwa chini ovyo, nasema "ko" anakichukua, hakuna ba be bi. Tukacheza soko: ananunua silabi kwa kokoto, akitaka kujenga kuku lazima anunue ku mara mbili. Vidole vilikuwa vinainuka vyenyewe, nikampa kokoto ashike mkono wa kushoto ili vishindwe. Ilichukua wiki nne na alilia mara moja.

Wa macho, siku ile ile nilimkalisha mbele nikakuta bado haoni ubao, kwa hiyo nikaacha ubao, kila kitu kwake ni kitabuni au kwenye kadi. Baba yake alimpeleka hospitali mwezi wa nane maharage yalipouzwa, wakarudi na karatasi ya miwani, miwani yenyewe ikaja baadaye. Hata kabla ya miwani alikuwa kwenye kundi la mwambatano.

Wale tisa wa lugha niliwapa mama mpishi. Naandika hivyo kwa kuwa ndo ukweli. Kabla ya kikao chao anakaa nao dakika tano, anawasimulia hadithi kwa Kiha huku ameshika vitu, ndizi, kisu, kikapu, halafu mimi naisimulia kwa Kiswahili na vitu vile vile, halafu ndo wanafungua kitabu. Hakuna posho ya kazi hiyo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alipokuja aliniuliza mbona kuna Kiha kwenye kipindi cha Kusoma Kiswahili, nikamwambia akae asikilize, akakaa, akaandika kitu kwenye fomu yake ambacho sikuonyeshwa.

Baada ya wiki kumi, kabla ya upimaji wa KKK wa taifa wa darasa la pili, nikapima tena, safari hii mmoja mmoja na karatasi mkononi mwake. Kati ya 19 wa sauti, 12 walishahama kwenda silabi au zaidi, watatu walikuwa watoro maana wazazi wanahamia mashamba ya mbali msimu wa kulima na mtoto anahama nao, wanne wako pale pale. Kati ya 31 wa silabi walihama 17. Wa lugha, sita wanajibu maswali yote ya hadithi fupi. Waliokuwa juu walipanda lakini si sana, na hilo nalihesabu kama gharama. Mtu akiniambia ni umri tu umewasogeza, siwezi kumbishia kwa takwimu, sikuwa na darasa lingine la kulinganisha. Ninachojua ni kwamba wiki sita za kuimba walitoka watano.

Wale wanne walionigomea bado nawafikiria. Wawili nahisi kuna kitu kingine, kusikia labda, mmoja ukimwita kwa nyuma hageuki. Niliandika kwenye faili lake, nikamwambia mama yake, mama akasema hata baba yake ni hivyo hivyo ni mtu wa mawazo.

Mwaka huu wamepanda darasa la tatu, mimi nimerudishwa la pili na watoto 117, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhamisha kigogo karibu zaidi na mlango ili nione ndani nikiwa nimekaa. Juzi nilipita darasa la tatu wakati wanasoma kwa zamu. Ikafika kwa yule binti wa vidole, akasoma mistari miwili vizuri, akafika kwenye neno "lililooshwa", akasimama. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya dawati, mwalimu wake hakuuona. Baada ya muda akasema "lililooshwa", akaendelea.